Mambo ya Shamba: Trekta Lisiloinua Plau

Mwezi huu twawaletea habari za trekta kuukuu, hasa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964, ambayo wengi wenu mwaijua.

Msimu mmoja huko Ismani mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, majirani wapanda mahindi, nasi twasimama kando ya trekta ambalo mikono yake ya nyuma ilikataa kuinua plau. Tukamwita fundi kutoka Iringa mjini. Alipofika hakufungua hata skrubu moja. Alisukuma wenzo mmoja mahali pake, na plau likainuka. Siku mbili zilikuwa zimetupotea, na nauli yake tukalipa.

Sababu ni hii. Pampu ya kuinulia imo ndani ya mwili wa trekta, nayo huzungushwa na mhimili uleule uendeshao mashine za nyuma, ambao mafundi huuita pi-ti-o. Wenzo wake usipotiwa, pampu haizunguki, ijapokuwa injini yanguruma. Vivyo hivyo mkikanyaga klachi hadi chini, pampu husimama. Basi anzeni hapo.

Pili, pimeni oili. Pampu hunywa oili ileile ya giaboksi. Ikipungua sana huvuta hewa, na mikono hupanda kwa kusitasita. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiwa na maji: imwageni yote, mtie mpya. Tena asubuhi za Juni na Julai baridi ya Mbeya huifanya oili kuwa nzito; iacheni injini ipate moto kwanza.

Tatu, plau likiisha kupanda, kisha likawa lashuka na kupanda kidogo kidogo kama kichwa cha mtu asinziaye, oili yavuja ndani, penye pete za pistoni au penye vali. Hapo ndipo pa kumwita fundi, maana kifuniko cha juu ni kizito, na kazi ya ndani yataka mkono uliozoea.

Neno moja zaidi twawasihi. Plau lililoinuliwa limeshikwa na oili tu. Mtu asiingie chini yake, wala watoto wasicheze karibu. Kabla ya kugusa lolote, lishusheni hadi ardhini na kuzima injini. Siku mbili za mvua tulizopoteza tulizifidia kwa mavuno ya mwaka uliofuata. Mguu uliopondwa haufidiwi.