Tuambieni Tu Treni Inakuja Saa Ngapi

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni tulikuwa wengi stesheni, Dar es Salaam, tunakwenda Morogoro. Kuna waliokuwa wanawapeleka watoto kwa bibi, na kuna waliotaka tu kuwapandisha treni ya umeme, maana wenzao shuleni wameshaipanda na hawaachi kuisimulia. Tulifika mapema kama tulivyoelekezwa. Mizigo ikapita kwenye mashine, vitambulisho vikatazamwa, tukakaa. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ikafika, ikapita, na ubao ukaendelea kuonyesha saa ileile.

Mtoto wa miaka mitano ukimwambia "bado kidogo" mara ya kwanza anakuamini. Mara ya tano anaanza kulia, na wewe huna la kumbembelezea, kwa sababu hata wewe hujui hiyo kidogo ni kiasi gani.

Jirani yangu pale alikuwa mama mwenye mapacha. Alitandika kanga sakafuni akawaketisha, pembeni kaweka chupa ya uji. Uji ule aliupima kwa safari yenyewe, ambayo haifiki saa mbili. Sasa akawa anatuuliza sisi tuliomzunguka: awape, au awawekee? Kama treni inaingia baada ya dakika kumi, wakinywa sasa watataka choo wakati foleni inasogea. Kama ni saa mbili zijazo, kuwanyima ni kuwatesa. Hakuna aliyeweza kumshauri. Mwishowe aliwapa nusu kikombe kila mmoja, akafunga chupa, akamfuata kijana mwenye sare mlangoni.

"Mwanangu, treni inakuja saa ngapi?"

"Mama, tuvumiliane kidogo. Na sisi tunasubiri taarifa."

Alimjibu kwa adabu, wala hatumlaumu. Tunawalaumu waliomsimamisha mbele ya mamia ya watu bila kumpa neno la kuwaambia.

Baadaye spika zilitoa tangazo la kutuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Saa hazikutajwa. Wala hakuna aliyetuambia treni imekwama wapi, au kwa nini. Mapacha walikuwa wamelala juu ya kanga, wameshikana mikono, na mama yao amesimama kuwakinga wasikanyagwe.

Hatusemi treni isichelewe kamwe. Tunajua treni hii haibebi mafuta, inavuta umeme kwenye nyaya zilizo juu yake, na umeme ukiyumba huko unakotoka, injini inasimama. Tunajua pia kwamba reli ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 205, ni njia moja, na treni hupishana kwenye njia za pembeni. Moja ikichelewa, inayotoka upande wa pili nayo inangoja. Mambo haya mwananchi akielezwa anaelewa. Hata mtoto anaelewa: mwanangu nilipomwambia kwamba huenda kuna treni nyingine inayotumia njia yetu, alitulia robo saa nzima akiitazama reli. Kinachotuumiza ni kunyamaziwa.

Na tumelipa. Treni za abiria zilipoanza kwenda Morogoro, Juni 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Kwa nauli hiyo, baba, mama na watoto wawili wa shule ni 39,000 kwenda, na 39,000 nyingine kurudi. Bado bajaji ya kufika stesheni, bado maji, bado biskuti za kumnyamazishia mtoto wakati treni haionekani. Kwa familia nyingi, fedha hiyo imewekwa akiba miezi kadhaa.

Wazee wetu watasema reli ya zamani, hiyo ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ilichelewa, tena vibaya zaidi. Ni kweli. Lakini ile ikisimama, mama alitoa mkono dirishani akanunua mayai ya kuchemsha, ndizi na mahindi, watoto wakala wakati watu wazima wanalalamika. Madirisha ya hii mpya hayafunguki, na wachuuzi hawafiki jukwaani. Ni usafi na ni usalama, tunaukubali. Ila maana yake ni kwamba mzazi anategemea alichobeba, na hawezi kujua abebe kiasi gani kama haambiwi ukweli.

Tulipanda, hatimaye. Na hapa lazima tuseme haki yake, kwa sababu ndiyo inayotufanya tuandike badala ya kurudi kwenye basi na foleni za Kibaha. Treni ilipotoka stesheni kupitia daraja lile refu lililo juu ya mji, watoto wa behewa lote walinyanyuka. Waliziona paa za mabati kutoka juu, pikipiki zikiwa ndogo chini, nguo kwenye kamba. Kwenye skrini namba za mwendo zikapanda na wakawa wanazisoma kwa pamoja: tisini, mia na kumi, mia na arobaini. Ilipofika mia na sitini walipiga kelele, na yule mama wa mapacha akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Milima ya Uluguru ilipojitokeza mbele, imefunikwa mawingu mabegani, mwanangu aliacha kuongea kabisa. Pua kaibandika kwenye kioo mpaka tunafika.

Kwa hiyo tutapanda tena, na watoto wetu tutawabeba. Tunachoomba kwenu wasimamizi wa treni hakihitaji mkopo wala mkandarasi. Treni ikichelewa, ubao ubadilishwe saa hiyohiyo. Simu zetu mnazo, tuliziandika wakati wa kukata tiketi: tumeni ujumbe kabla hatujatoka nyumbani. Mpeni kijana wa mlangoni saa ya kusema, hata kama ni ya kukadiria, na ikibadilika arudi aseme tena. Wenye watoto wachanga waonyesheni kona ya kukaa iliyo karibu na choo. Mkituambia ni saa mbili, tutatandika kanga, tutagawa uji, tutasubiri.

Likizo ya Desemba inakuja, na watoto wameanza kuhesabu siku. Tuambieni mapema.