KIITALIANO CHA MCHANGANI HAKITOSHI

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi iwapo hamwelewi mgeni wake? Kwa miaka mingi sasa Waitaliano wamekuwa miongoni mwa wageni wanaokuja kwa wingi Visiwani, na kutoka Kiwengwa na Pwani Mchangani hadi Nungwi lugha yao husikika kila siku. Vijana wetu wameiokota mchangani, bila ya skuli wala mwalimu. Tunawapongeza kwa werevu wao. Hata hivyo, hatuna budi kuwaambia ukweli kwamba lugha ya kuokota humfikisha mtu mlangoni tu.

Kwa lugha hiyo kijana huweza kuuza kanga na kumpeleka mgeni baharini. Hawezi kuandika barua, kusoma masharti ya kazi yake, wala kumfasiria mgonjwa mbele ya daktari. Matokeo yake ni kwamba aliyeanza kazi akiwa papasi huzeeka akiwa papasi, na nafasi ya umeneja huchukuliwa na mwingine aliyesoma.

Ndiyo maana tunasema kwamba masomo ya Kiitaliano katika chuo kikuu yasiishie kwenye salamu na hesabu. Yafike daraja la kati, yaani ngazi ya tatu na ya nne kati ya ngazi sita zinazotumika Ulaya kupimia ujuzi wa lugha. Katika daraja hilo mwanafunzi huimarisha uwezo wa kutofautisha "tu", anayoambiwa rafiki au mtoto, na "Lei", anayoambiwa mtu wa kuheshimiwa. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunajua vyema aibu ya kumwamkia bibi kizee kama mtu anayemwita rika lake, na aliyejifunza kwa kusikia tu hufanya kosa hilo kila siku bila ya kujua.

Katika daraja hilo pia ndipo mwanafunzi anapokutana na vitenzi vya shaka, vya matakwa na vya masharti. Hapa hatuzungumzii urembo wa sarufi. Neno dogo "purché", ambalo maana yake ni "ilimradi", laweza kugeuza ahadi nzima ndani ya mkataba. Asiyelijua husoma ahadi, na aliyelisoma huona sharti. Katika visiwa ambamo ardhi ni mali ya umma na mwekezaji hukodishwa tu, ofisa anayetia saini bila ya kuelewa barua na nyaraka za upande wa pili anaweka rehani mali isiyokuwa yake.

Historia yetu wenyewe inatukumbusha uzito wa karatasi. Mwaka 1892, Zanzibar ikiwa tayari chini ya himaya ya Waingereza, bandari za Benadir, zikiwemo Mogadishu, Merka na Barawa, zilikodishwa kwa Italia kwa mkataba. Mwaka 1905 Italia ikazinunua kabisa kwa paundi 144,000. Hatima ya miji yenye watu na lugha zao iliamuliwa kwa wino.

Pamoja na lugha uende utamaduni. Mwanafunzi wetu atakapoisoma historia ya Kiitaliano atajikuta nyumbani. Lugha hiyo ilijengwa juu ya lahaja ya Firenze, mji wa Dante, na Italia ilipoungana mwaka 1861 ni wananchi wachache tu walioweza kuizungumza. Skuli, jeshi, magazeti, redio na televisheni ndivyo vilivyoieneza. Nasi tunakumbuka kwamba katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Aliyeelewa safari hizo mbili atazungumza na Mwitaliano akiwa na jambo la kumweleza, badala ya kusubiri kutumwa.

Wako watakaosema kwamba kusomesha lugha za kigeni ni kukidhoofisha Kiswahili. Hatukubaliani nao. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ilipoanzishwa hapa mwaka 1979, jina lake lenyewe liliziweka kazi hizo mbili chini ya paa moja. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha "L'Orientale", mjini Napoli, wanafundisha Kiswahili, na mwalimu wao Elena Bertoncini alichapisha mwaka 1989 kitabu kizima juu ya fasihi yetu. Wao wametusoma mpaka kwenye riwaya na mashairi. Je, sisi tutosheke na "ciao"?

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wanaohusika. Wizara zinazosimamia elimu na utalii zikae pamoja na chuo kikuu na kupanga nafasi za masomo ya daraja la kati, na vijana wa mashamba waliokwisha kuanza kwa masikio wafikiriwe mwanzo. Maofisa wa ardhi, mahakama na hospitali wapelekwe masomoni. Wenye mahoteli, ambao ndio watakaofaidika, wachangie gharama. Nao vijana wetu wakubali kurudi darasani, kwani elimu haina mwisho.

Mgeni ameshakuja, tena yu ndani. Kupona kwa mwenyeji kutategemea yale atakayojifunza.