Mhusika au Kikaragosi? Suala la Istilahi na Haki katika Michezo ya Kompyuta

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Katika michezo ya kompyuta inayochezwa kupitia intaneti, kauli hiyo imetiwa majaribuni. Mchezaji mmoja hufungua akaunti tano, kila moja na mhusika wake, kisha programu maalumu hunasa kila kibonye anachobonyeza na kuipeleka amri hiyo kwa wote. Akibonyeza mara moja, wahusika watano hupiga pigo kwa pamoja, wala hakuna anayemponyoka.

Je, huo ni ustadi au ni hila? Kampuni ya CCP, iliyounda mchezo wa EVE Online, iliikataza mbinu hiyo kuanzia Januari 2015, ilhali iliendelea kumruhusu mtu kutumia akaunti kadhaa. Blizzard nayo iliivumilia kwa miaka mingi katika World of Warcraft, ikaipiga marufuku mwaka 2020. Ni dhahiri basi kwamba kosa halikuonekana katika wingi wa wahusika, bali katika amri moja kutenda kazi ya amri tano.

Tofauti hiyo si ngeni Migori na Homa Bay. Ajua, mchezo wa Waluo ulio ndugu wa bao la Waswahili, humpa mtu mmoja kete nyingi. Hata hivyo, kete hupita mkononi mwake na kudondoshwa shimoni moja baada ya nyingine, mpinzani akitazama. Wingi upo, na mkono pia upo.

Wapo watakaodai kwamba programu ni chombo tu, na kwamba aliyelipia akaunti tano ana haki ya kuzitumia apendavyo. Hoja hiyo ikikubaliwa, ushindi utapimwa kwa uzito wa mfuko. Kijana anayekodi kompyuta moja kwa saa mjini Homa Bay atashindanaje na mwenye jeshi zima?

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitajika. Mjini Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, Mluo na Mkuria hukutana katika lugha hii. Lakini neno la Kiingereza linalotumika kuutaja uchezaji huu huchanganya mambo mawili: halali na haramu. Yafaa yatenganishwe. La kwanza liitwe uchezaji wa wahusika wengi. La pili, urudufishaji wa amri. Kusema "utangazaji wa vibonye" ni kutafsiri sisisi na kumpeleka msomaji redioni.

Wanafunzi wa fasihi wanajua kwamba mhusika asiye na tendo lake mwenyewe ni kikaragosi. Wahakiki wa Chuo Kikuu cha Rongo na cha Tom Mboya wako jirani na wachezaji hawa. Wakichelewa kuyapa mambo haya majina, vijana watahukumiwa kwa sheria wasizoweza kuzijadili kwa lugha wanayoshiriki.