Sura Waliyoikata

Juzi mjini Kasese shirika moja lilituonyesha filamu ya The Return of the King, ile ya Peter Jackson ya mwaka 2003. Nia yao ilikuwa njema, hata soda walitoa. Ilipoisha, kijana wao akasimama akasema hadithi hii ni yetu sisi wakimbizi, maana mwishowe watu wanarudi nyumbani.

Mama mmoja aliyetoka Bwera, tumekaa naye benchi moja, akauliza, "Na muda wote huo, mashamba yao nani alikuwa anayalinda?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Jibu la huyo mama limo kitabuni, na wenye filamu walilikata.

Kwa ambao hamkuiona: Frodo na wenzake watatu ni hobiti, watu wafupi, wakulima wa nchi iitwayo Shire. Wanaondoka kwenda kuiteketeza pete ya uovu. Kwenye filamu wanarudi baada ya miezi 13 wamepanda farasi, mzee mmoja anayefagia mlangoni anawakunjia uso, halafu wanakwenda kunywa bia. Basi. Hata kikombe hakijavunjika!

Tolkien hakuandika hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1955 wanafika darajani usiku, geti limefungwa. Wanaolinda geti ni watu wa kwao wenyewe, wanaogopa, amri zimebandikwa ukutani. Kesho yake askari wa kwao wanawakamata. Miti imekatwa, mavuno yamebebwa, wazee wamefungwa. Nyuma ya yote yuko Saruman, mkubwa aliyeshindwa vita kwingine akaja kulipiza kwa wanyonge. Inabidi wapigane nyumbani kwao, na hobiti 19 wanakufa pale Bywater. Ndipo Sam anazunguka na kijisanduku cha udongo alichopewa na Galadriel, anaweka punje moja moja palipokatwa miti.

Wanaoitetea filamu watasema tayari ina dakika 201. Sawa. Lakini muda wa kurukaruka kitandani kwa Frodo na kuchekacheka ulipatikana, siyo? Tena kinachoniudhi ni kwamba walijua. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, Frodo anachungulia maji ya Galadriel anaona Shire inaungua na watu wake wamefungwa minyororo. Wakaifanya ndoto mbaya tu, ya kutisha watoto.

Mimi nilirudi. Mwaka jana nilivuka pale Mpondwe, nikapita Kasindi, nikaenda kwetu upande wa Beni. Mlango wangu ukafunguliwa na mwanaume nisiyemjua. "Papa, unatafuta nani?" Mwembe wa marehemu baba ulishakuwa makaa. Kakao yangu ilikuwa imeiva vizuri, na yule anayeivuna akanikaribisha chai, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe kama mgeni. Hakuwa mtu mbaya. Yeye naye alikimbia kijiji chake, na huko kwake sijui nani analala. Ningemfukuza aende wapi?

Nililala usiku mmoja, nikarudi Bwera. Mtu mwenye fomu akaniuliza kwa nini nimerudi wakati kwetu kumetulia.

Ndugu zetu wa mashirika, nyinyi mnatupa moyo kwa filamu ile ile iliyokatwa. Fomu niliyojaza iliniuliza nina watoto wangapi na mizigo kilo ngapi. Haikuniuliza nani yuko ndani ya nyumba yangu, wala nani atatuketisha chini, mimi na yeye, tuzungumze shamba. Lori la kunifikisha mlangoni si shida. Shida inaanza mlango ukifunguliwa.

Kitabu changu ni cha Kifaransa, jalada limeshatoka. Sura yenyewe ni ya pili kutoka mwisho wa hadithi. Mkituletea filamu hiyo tena, taa zikiwaka niachieni maiki nusu saa. Nitaitafsiri kwa Kiswahili polepole, na yule mama akae mbele.