Kona ya Kompyuta: Imesafishwa, Sasa Haiwaki

Mwezi huu tumeulizwa sana: kompyuta ya kuungaunga vipuri imetolewa vumbi, ikafungwa, sasa haiwaki. Je, imekufa? Mara nyingi bado. Kuna kitu kimelegea tu wakati wa kusafisha. Basi kabla hujatoa nauli ya kwenda kwa fundi Tororo au Busia, chomoa waya ukutani, tuangalie pamoja.

1. Swichi ya nyuma iwe kwenye I, si O. Kama kuna swichi ndogo nyekundu, isome 230. Umeme wetu ni wa volti 240. Ikisoma 115 itaungua.

2. Kandamiza plagi kubwa ya pini 24 kwenye madabodi, halafu ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Hii ndogo husahaulika: feni zinazunguka, skrini nyeusi.

3. Chomoa ramu, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka ilie “ta!”

4. Tazama nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia.

Bado? Sasa nenda kwa fundi. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Hubaki na umeme hata ikichomolewa. Na fundi akitaka kufuta kila kitu, mwambie angoje. Picha za familia na masomo ya watoto yamo kwenye hadi disiki. Kompyuta kutowaka si kusema yamepotea.

Tuonane mwezi ujao.