Malaika alirudi mara ya pili



Kuna mama katika jumuiya yetu ambaye amemeza dawa za sonona kwa miaka kadhaa, na zilimsaidia. Alirudi kwaya, akarudi kwenye biashara yake. Mwaka huu, bila kuruka hata kidonge kimoja, giza limemrudia. Halali, hali, anasema ni heri angelala asiamke. Alipotueleza hayo, mwenzetu mmoja akamjibu kwa upendo kabisa: umeona sasa, hata dawa zimeshindwa, jambo hili ni la kiroho. Wengine tukaitikia amina. Nami niliitikia.

Najutia amina ile. Mwenye presha dawa yake ikishindwa, tunamwambia arudi kwa daktari abadilishiwe. Kwa nini wa sonona tumwambie aitupe?

Madaktari wanajua kwamba dawa ya kwanza haiwafai wote. Marekani walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, ukiwa na wagonjwa karibu 4,000. Waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza walikuwa takriban theluthi moja tu. Wengine walipata nafuu kwa dawa ya pili au ya tatu. Na wapo ambao dawa iliwatosha miaka, kisha ikaacha kutosha, kama mama yetu. Mtu huyo hajatenda dhambi yoyote kwa hilo.

Basi akirudi kliniki, daktari atafanya nini? Kwanza atauliza maswali: unameza kila siku? Kipimo kinatosha? Unakunywa pombe? Kuna dawa nyingine unazotumia? Anaweza kupima damu, maana upungufu wa damu au tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na huzuni zinazofanana na sonona. Ataangalia pia kama kuna vipindi vya furaha na nguvu zilizopita kiasi, siku unazolala saa mbili na kujiona unaweza kujenga kanisa peke yako. Huo ni ugonjwa mwingine, na tiba yake ni nyingine. (Tukiwa kwenye hilo: wachungaji, mgonjwa wa namna hii msimlazimishe mkesha. Kukosa usingizi humharibia.)

Baada ya hapo anaweza kuongeza kipimo, au kumtoa kwenye dawa moja, tuseme fluoksetini, na kumpa ya kundi jingine. Anaweza kuiacha ile ya zamani na kuongeza ya pili juu yake, kama lithiamu, ambayo hutaka kupimwa damu mara kwa mara. Kuna tiba ya mazungumzo, ambayo huenda vizuri pamoja na vidonge. Na kwa hali nzito sana kuna tiba ya umeme, inayotolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya sinema, lakini imeokoa watu waliokuwa wameacha hata kula. Kila badiliko la dawa huhitaji wiki kadhaa kabla ya kujua kama limefaa, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Usiache dawa ghafla, hata kama umefunga, hata kama umeombewa Jumapili. Mwili unaweza kukusumbua kwa kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, na ugonjwa ukarudi.

Mkumbuke Eliya chini ya mretemu, nabii aliyetoka kushusha moto mlimani Karmeli, akiomba afe. Malaika alimletea mkate na maji. Alikula, akanywa, kisha akalala tena. Mkate wa kwanza haukumwinua. Sisi tungemkemea. Malaika alirudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha tena, kwa kuwa njia iliyokuwa mbele ilizidi nguvu zake. Kwenda Horebu ni baada ya mlo wa pili.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema anatamani kufa, usianze na mahubiri. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa zake zitunzwe na ndugu, maana baadhi, kama amitriptilini, ni hatari sana zikimezwa nyingi kwa pamoja.

Mama yetu tulimrudia, wawili wetu, tukamwomba radhi. Tukapanda naye daladala hadi kliniki, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Amebadilishiwa dawa, na hii ni wiki ya tatu. Hajapona bado. Jumapili iliyopita alikuja ibada ya pili, akakaa nyuma karibu na mlango, akaondoka kabla ya matangazo.