MWIMBAJI SI HIRIZI YA CHAMA



Katika mkutano wa tawi letu uliopita, ndugu mmoja wa halmashauri alisimama akasema ya kuwa watu hawaji mikutanoni kwa sababu chama chetu hakina furaha. Dawa yake ni hii: tutoe fedha katika hazina ya msaada, yaani hazina ya wagonjwa na wafiwa, tuajiri bendi kubwa ije kupiga Siku ya Wafanyakazi. Akamtaja Billy Bragg, mwimbaji wa roki wa Uingereza, akasema kuwa huyo alijenga vyama vya wafanyakazi kwa gitaa lake. Wengi mlipiga makofi. Mimi sikupiga, na sasa naeleza sababu, maana habari za Bragg nazijua, na jinsi alivyosimuliwa pale sivyo alivyo.

Bragg alizaliwa mwaka 1957 huko Barking, mashariki ya London. Alianza na bendi ndogo iliyoitwa Riff Raff, haikufika mbali. Mwaka 1981 akaingia jeshini, na baada ya miezi mitatu akalipa pauni 175 ili aachiliwe. Tangu hapo akawa anasimama jukwaani peke yake na gitaa la umeme, bila ngoma wala wapambe. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1983, na juu ya jalada palichapwa bei: mnunuzi asilipe zaidi ya pauni 2.99. Nauliza, bendi hiyo tunayotaka kuiajiri imewahi kumwekea mwenye duka kikomo kwa faida ya mnunuzi?

Sasa tuje kwenye mgomo. Mwezi wa Machi 1984 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliweka chini zana kwa sababu Serikali ya Bibi Thatcher ilitaka kufunga migodi. Mgomo ulichukua mwaka mzima. Bragg alizunguka akiimba ili kuchangisha fedha za wagomaji, na mwaka 1985 alitoa santuri iliyoitwa Between the Wars, ambayo fedha zake zilikwenda kwenye mfuko wa wachimba migodi. Tazameni fedha zilikuwa zikielekea wapi. Zilitoka kwa mwimbaji zikaenda kwa wagomaji. Ndugu yetu wa halmashauri anataka zitoke kwa mjane ziende kwa mwimbaji, kisha anaita jambo hilo mfano wa Bragg!

Na kuna jambo ambalo hakulitaja hata kidogo, wala yeye ni mtu wa reli kama sisi. Katika mgomo ule, vyama vya reli vya Uingereza viliwaambia watu wao wasisafirishe makaa. Huko Coalville, katika Leicestershire, wachimba migodi wengi wa hapo walikuwa wanaendelea na kazi, lakini madreva na watu wa signali walikataa kuyapitisha makaa hayo. Walikuwa wakiwasaidia wagomaji wa mbali, na majirani zao wenyewe wakiwatazama vibaya. Hakuna aliyewapigia gitaa kila asubuhi walipokwenda zamu. Mimi nikipewa nafasi ya kusifu mtu mmoja katika habari hii yote, nitamsifu mtu wa signali wa Coalville kabla ya Bragg, na nadhani Bragg mwenyewe hatakasirika.

Mgomo ulishindwa. Mwezi wa Machi 1985 wachimba migodi walirudi kazini bila mapatano yoyote, wengine wakiandamana nyuma ya bendera zao na bendi za tarumbeta. Wimbo wa Bragg unaosifu nguvu ya chama, There Is Power in a Union, ulitoka mwaka 1986, baada ya kushindwa huko. Tena mwishoni mwa 1985 yeye na waimbaji wenzake, kama Paul Weller, walikuwa wameanzisha kundi la Red Wedge ili kuwavuta vijana waipigie kura Labour. Kumbi zilijaa. Uchaguzi wa mwaka 1987 ukafika, na Bibi Thatcher akashinda tena. Ukumbi kujaa ni jambo moja, na orodha ya wanaolipa ada ni jambo lingine.

Wako wanaosema Bragg ni mnafiki, kwa kuwa alijipatia nyumba kubwa huko Dorset karibu na bahari. Mimi nyumba yake hainisumbui. Kilichonichekesha ni mwaka 2010, alipotangaza kuwa atazuia kodi yake mpaka Serikali ipunguze bakshishi za wakubwa wa benki ya RBS. Sisi tunaokatwa kodi kabla hatujauona mshahara tungezuia nini?

Lakini katika jambo moja ningependa kila mwanachama amwige. Mwaka 2006 alisoma masharti ya MySpace, mahali pa kuwekea nyimbo katika intaneti, akaona kampuni imejipa haki kubwa mno juu ya kazi za wenye nyimbo. Aliondoa nyimbo zake, akapiga kelele, na kampuni ikabadili masharti. Alisoma karatasi! Mimi nilipoajiriwa kwa mara ya kwanza nilitia sahihi karatasi tatu katika dakika moja, nikijivunia mwandiko wangu wa shule ya misheni, na mpaka leo sijui ya pili ilisema nini.

Basi sikatai nyimbo. Bragg ameimba penye mgomo, na mwaka 2007 alianzisha mpango wa kupeleka magitaa katika jela ili wafungwa wajifunze. Mtu kama huyo akija kwetu nitambebea gitaa kutoka stesheni. Ninachokataa ni kugusa hazina ya wagonjwa na wafiwa.

Kwa hiyo katika mkutano ujao nitaleta hoja hii: bendi yoyote itakayopenda kuja ilipwe nauli na chakula tu, ndoo iwekwe mlangoni, na fedha za ndoo zihesabiwe mbele ya watu na kuingizwa katika hazina ya msaada jioni ile ile. Ndugu aliyetaka bendi kubwa aje na hesabu yake iliyoandikwa, atuonyeshe ni ada za watu wangapi zitakazoliwa kwa usiku mmoja.